Maswali ya wasomaji: Ajira kwenye dawati la vibali

Tuliwaomba wasomaji watuulize kuhusu kazi ya kushughulikia vibali na leseni serikalini. Barua zilizofika nyingi ni za wahitimu wanaotafuta ajira, chache ni za watumishi wapya waliokwisha kaa kwenye dawati wakakuta mambo si kama walivyodhani. Majibu yameandaliwa na wenzetu wa mipangomiji, biashara na rasilimali watu. Mengi yanaihusu Tanzania Bara. Swali moja limetoka Mombasa, nalo tumelijibu kwa sheria za huko.

Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati). Nataka kazi ya kutoa vibali halmashauri, lakini kila chuo ninachokitazama hakina kozi ya vibali. Nisome nini?
*Msomaji, Morogoro*

Hutaipata, kwa kuwa hakuna kada inayoitwa afisa vibali. Kibali kimoja cha ujenzi hupita mikononi mwa kada tano au sita, na kila mmoja anaandika maoni ya fani yake kwenye jalada lilelile: afisa mipangomiji, afisa ardhi, mpima ardhi, afisa afya mazingira, mhandisi au fundi sanifu wa majengo, na kwa majengo ya ghorofa na ya umma, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Leseni ya biashara iko kwa afisa biashara. Nyuma yao wote yuko msaidizi wa kumbukumbu wa masjala, ambaye watu humsahau mpaka siku jalada linapopotea.

Kwa EGM, mipangomiji inakufaa, na vilevile kozi za ardhi na uthamini. Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam ndicho kinachojulikana zaidi kwa shahada hizo. Ukitaka kuanza na stashahada, kipo Chuo cha Ardhi hapo hapo Morogoro, na kingine Tabora. Uhandisi usahau, unadai fizikia. Biashara inasomwa Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na vyuo vikuu kadhaa, na utunzaji kumbukumbu unasomwa Chuo cha Utumishi wa Umma, chenye kampasi Dar es Salaam, Tabora, Mtwara, Singida, Tanga na Mbeya.

Kabla hujachagua, angalia kama fani ina bodi ya usajili. Wahandisi wana ERB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi wana AQRB, na wataalamu wa mipangomiji wana bodi yao kwa sheria ya mwaka 2007. Mhitimu wa uhandisi hasajiliwi siku anayotoka chuoni. Kuna mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu yanayosimamiwa na ERB. Vijana wengi huajiriwa, wakazama kwenye kazi, wakaacha usajili ukae. Miaka inapita, nafasi ya kupanda inatangazwa, sharti la kwanza ni usajili.

Halmashauri si mlango pekee. Vibali vya kazi vya wageni viko kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya mwaka 2015. Vibali vya ukaazi viko Uhamiaji, ambako utaingia kama askari. Leseni za mabasi na malori ziko LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu), za madini Tume ya Madini, na vyeti vya mazingira NEMC (baraza la mazingira). Kila taasisi ina sheria yake, ila stadi ya kusoma faili ni ileile.

Nimeomba kazi mara nyingi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na siitwi hata kwenye mchujo. GPA yangu ni nzuri. Tatizo nini?
*Mhitimu wa shahada, Mbeya*

Mara nyingi GPA haina kosa. Makosa haya ndiyo tunayoyaona kila msimu.

Kwanza, jina la kozi. Tangazo likidai shahada ya Mipangomiji na wewe ukachagua kwenye orodha ya mfumo jina la jumla, mfano "Mipango", unahesabiwa huna sifa, na hakuna mtu atakayefungua cheti chako kuona kwamba ni kozi ileile. Chagua jina kama lilivyoandikwa kwenye cheti, kisha lilinganishe na tangazo neno kwa neno.

Pili, barua ya maombi. Iwe imesainiwa, iwe na tarehe, iandikwe kwa Katibu wa Sekretarieti, na itaje nafasi unayoomba. Watu hupakia barua ya mwezi uliopita yenye nafasi nyingine kabisa.

Tatu, vyeti. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki badala ya vyeti, wala matokeo ya muda ya chuo. Kama ulisoma nje ya nchi, cheti kithibitishwe kwanza na TCU (vyuo vikuu), NECTA (shule) au NACTVET (vyuo vya kati na ufundi), kulingana na ngazi.

Nne, majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne vingine, NIDA vingine tena. Hili halikuzuii kuomba, linakukwamisha mlangoni siku ya usaili. Tengeneza hati ya kubadili jina mapema. Wakili na usajili wake vinachukua muda, na tangazo la usaili halikusubiri. Tangu uhakiki wa vyeti uliowaondoa watumishi 9,932 mwezi Aprili 2017, wasimamizi hawana huruma na karatasi zinazopishana, na hatuwalaumu.

Mengine ni madogo ila yanaangusha: umri usizidi miaka 45 kwa anayeingia mara ya kwanza, wadhamini wawe watatu na simu zao zipatikane, namba ya mtihani uinakili kwenye akaunti yako kabla ya kusafiri. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Ukifaulu mahojiano na nafasi zikajaa, jina linawekwa kwenye kanzidata na unaweza kupangiwa baadaye bila usaili mpya, kwa hiyo usibadilishe namba ya simu ovyo.

Wa Zanzibar wana utaratibu wao na mfumo wao wa maombi. Wa Bara hautawasaidia kwa nafasi za Serikali ya Mapinduzi.

Ni fundi sanifu mpya kwenye manispaa. Nimepangiwa kusaidia kupitia maombi ya vibali vya ujenzi. Mwenzangu alinionesha kwa dakika kumi kisha akaenda likizo. Nianzie wapi kwenye faili, na nitajuaje kwamba sijaacha kitu?
*Fundi sanifu, Kahama*

Anza na kiwanja, ramani baadaye. Wapya hufungua ramani kwanza kwa sababu inapendeza, wakatumia saa nzima kukagua vyumba vya nyumba inayojengwa kwenye kiwanja cha mtu mwingine.

Chukua hati, au barua ya toleo, au leseni ya makazi kama eneo halijapimwa. Andika pembeni vitu vitano: jina la mmiliki, namba ya kiwanja, kitalu, eneo kwa mita za mraba, na matumizi yaliyoruhusiwa. Kisha vitafute vyote vitano kwenye fomu ya maombi na kwenye kisanduku cha jina cha kila karatasi ya mchoro. Kosa la kitalu "B" kwenye hati na "D" kwenye ramani linaonekana dogo, lakini kibali kikitoka hivyo kimetolewa kwa kiwanja kingine. Jina likitofautiana, uliza sababu kabla ya kitu kingine. Mmiliki akiwa amefariki, anayeomba awe na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, si kikao cha ukoo peke yake. Hati ikiwa na majina mawili, wote wawili wasaini. Risiti ya kodi ya pango la ardhi iwe ya mwaka husika.

Pili, matumizi. Linganisha kinachoombwa na mchoro wa mipangomiji wa eneo, usitegemee maneno ya mwombaji. Ramani yenye vyumba kumi na viwili, kila kimoja na choo chake, mapokezi na jiko moja kubwa ni nyumba ya wageni hata kama fomu inasema makazi. Hapo faili linasimama hadi mabadiliko ya matumizi ya ardhi yaombwe na yakubaliwe, ambayo ni mchakato tofauti wenye tangazo kwa umma. Usilipitishe kwa kuahidiwa kwamba "tutabadilisha baadaye".

Tatu, hesabu. Fanya mwenyewe, usinakili namba aliyoiandika mchoraji. Tuchukue kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Nyumba ya ghorofa moja juu ina upana wa mita 14 na urefu wa mita 18, hivyo chini inafunika 252. Mchoraji ameandika asilimia 42 na ni kweli kwa nyumba yenyewe. Lakini kuna baraza lenye paa la mita 14 kwa 2, ni 28, na banda la gari la mita 4 kwa 6, ni 24. Jumla 304, sawa na asilimia 50.7 ya kiwanja. Kama kikomo cha eneo hilo ni asilimia 50, ramani imevuka, na imevuka kwa vitu viwili vilivyoachwa nje ya hesabu. Baraza na banda la gari ndivyo husahauliwa kuliko vyote. Chumba cha mlinzi kinafuata. Uwiano wa sakafu zote kwa kiwanja ni 252 mara mbili, ongeza 52, gawanya kwa 600: 0.93. Viwango vya eneo lako viko kwenye kanuni na kwenye masharti ya mchoro wa mipangomiji. Vinakili kwenye karatasi moja ubandike mezani.

Kisha pima kwa rula umbali kutoka kila ukuta hadi mpaka, pande zote nne, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mchoro. Namba iliyoandikwa na urefu uliochorwa vikipishana, mara nyingi mchoraji amehamisha nyumba ya mteja mwingine akabadili maandishi tu. Dalili nyingine ya ramani ya kuhamisha: mshale wa kaskazini unaelekea barabarani kwenye karatasi moja na uani kwenye nyingine.

Nne, choo na maji. Shimo la choo na shimo la kunyonya vioneshwe kwenye mchoro wa kiwanja, na umbali wake kutoka mpakani, kwenye nyumba na kwenye kisima kama kipo. Afisa afya atakagua, ila ukiliona mapema unamwokolea mwombaji wiki mbili.

Tano, mihuri. Ghorofa iwe na michoro ya mhandisi, yenye jina, namba ya usajili na sahihi yake. Hakiki namba hiyo kwenye orodha ya bodi. Mihuri ya kuchonga mtaani ipo. Ipo pia mihuri ya kweli iliyoazimwa: mhandisi mmoja, sahihi nne za miandiko tofauti. Hapo mpigie simu mhusika, umwulize kama anaujua mradi.

Ukimaliza, ndipo tazama vyumba, madirisha na ngazi.

Swali la pili la msomaji huyo huyo: waombaji wananirudia mara tatu, nne kwa faili moja na wanalalamika nawazungusha. Sifanyi makusudi.

Tunakuamini. Tatizo ni namna kasoro zinavyoandikwa, na hapa ndipo tunapoona tofauti kati ya afisa anayepanda na anayebaki palepale. Barua inayosema "Rekebisha ramani" haisemi kitu. Mwombaji anarudi kwa mchoraji, mchoraji anabahatisha, faili linarudi na kasoro ileile, na mtaani wanaanza kusema unataka kitu kidogo.

Kila kasoro iwe na mambo manne: iko karatasi gani, kilichoonekana ni nini, kinachotakiwa ni nini, na kinatakiwa kwa kanuni ipi. Mfano:

"Karatasi Na. 2, mchoro wa kiwanja: ukuta wa nyuma uko mita 0.8 kutoka mpakani. Sogeza jengo au punguza urefu ili umbali utimize kiwango cha eneo hili. Karatasi Na. 1: eneo lililofunikwa halijajumuisha baraza na banda la gari, hesabu upya. Fomu: jina la pili la mmiliki kwenye hati halipo, asaini."

Kasoro zote zitoke kwa mkupuo mmoja. Ukiona moja ukaandika, ukaona nyingine faili liliporudi ukaandika tena, hata kama ni halali, mwombaji ana haki ya kukasirika. Ndiyo maana faili husomwa hadi mwisho hata pale kasoro ya kwanza inapotosha kulirudisha. Na kasoro mpya isiongezwe mzunguko wa pili, isipokuwa imezaliwa na marekebisho yenyewe au inahusu usalama wa jengo.

Ukikataa, kataa kwa maandishi. Maneno ya dirishani hayapo kwenye jalada, na mkaguzi akija hakuna atakayekumbuka ulisema nini.

Baada ya kibali kutoka kazi yetu imekwisha, siyo?
*Afisa mipangomiji, Tanga*

Hapana. Kibali kina ghorofa mbili, mjenzi ana fedha za nne, na hiyo tofauti haionekani ofisini. Panga ukaguzi kwa hatua za ujenzi, usiupange kwa kalenda: baada ya msingi kuchimbwa na kabla zege halijamwagwa, wakati nondo za nguzo na slabu zimefungwa na bado zinaonekana, kwenye lenta, na kabla ya watu kuhamia. Zege likishamwagwa hukagui tena, unakisia. Nenda na nakala ya michoro iliyogongwa muhuri, pima, andika fomu ya ukaguzi papo hapo, mwakilishi wa mjenzi asaini. Ukikuta ujenzi umepotoka, toa notisi ya kusimamisha yenye sababu na tarehe. Alama ya X nyekundu ukutani bila karatasi kwenye jalada haikulindi mahakamani, na haimlindi mwananchi pia.

Jengo la ghorofa 16 lililoanguka katikati ya Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 liliua watu 36. Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo. Katika matukio ya aina hii, maswali ya kwanza huwa kibali kiliruhusu nini, nani alikagua na lini. Kama ulikwenda saiti mara tatu na hukuandika, kwa jalada hukwenda.

Dawati la leseni za biashara linatofautianaje na la ujenzi? Nimeitwa kwenye usaili wa afisa biashara.
*Msomaji, Dodoma*

Kasi. Faili la ujenzi unaweza kulikalia siku kadhaa. Leseni ya biashara inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, na mwombaji anataka afungue duka Jumatatu. Kuna TIN, kitambulisho cha taifa, uthibitisho wa TRA, na mkataba wa pango au uthibitisho wa eneo. Mengine hutegemea biashara: chakula kina afisa afya, dawa zina Baraza la Famasi. Mwombaji akikubaliwa anapata namba ya malipo yenye tarakimu 12, analipa benki au kwa simu. Fedha haipiti mkononi mwako, na ukiombwa "umsaidie kulipa" kataa.

Kwa usaili, ijue Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya mwaka 1972 na marekebisho yake. Jua hasa mgawanyo wa kundi A linalotolewa na BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na kundi B la halmashauri, maana waombaji hukosea mlango kila siku. Swali jingine la kutegemea ni amri ya Julai 2025 iliyozuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo huduma za fedha kwa simu, ukarabati wa simu, na saluni isipokuwa za hotelini au za utalii. Inakataza leseni mpya na kuhuisha ya zamani. Mtego wake uko kwa Mtanzania anayeomba kwa jina lake kwa niaba ya mwingine: naye ameandikiwa adhabu. Ukaguzi wa eneo ndio unaofichua, maana jina kwenye leseni na anayetoa maagizo dukani ni watu wawili.

Mkuu wangu ana shughuli nyingi, amenipa nywila yake ili niidhinishe maombi kwenye mfumo asipokuwepo. Nikatae vipi bila kumvunjia heshima?
*Jina tumelihifadhi*

Mfumo unaandika aliyeingia, saa na kifaa. Kila ulichoidhinisha kimeidhinishwa na yeye, na siku kikiharibika atasema si yeye, naye atakuwa anasema kweli. Wewe utabaki na kosa la kutumia akaunti ya mtu mwingine, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Usibishane naye mbele ya watu. Mpelekee dokezo fupi, kwa lugha ya kumsaidia: "Ndugu Mkuu wa Idara, ili maombi yasikwame unapokuwa safarini, naomba kibali cha kukaimishwa kwenye mfumo kwa akaunti yangu kwa tarehe hizi." Kukaimishwa kupo, Tehama wanaweza kukufungulia ngazi hiyo. Akikuambia si lazima, baki na nakala ya dokezo, na uache kutumia nywila yake. Mtu mwenye busara akiliona ombi hilo kwa maandishi huelewa haraka.

Faili la mtoto wa mama mkubwa limefika mezani kwangu. Familia nzima inajua niko ofisi hiyo. Pia kuna mwombaji alinitumia "ya soda" kwenye simu bila kuniuliza. Nifanyeje?
*Jina tumelihifadhi*

Faili la ndugu lirudishe siku hiyo hiyo kwa dokezo la mistari miwili: "Mwombaji ni ndugu yangu. Naomba jalada lipangiwe afisa mwingine." Jina, cheo, sahihi, tarehe. Usilisome kwanza "kuona tu kama liko sawa", kwa kuwa mfumo au rejesta itaonesha ulilifungua. Mama mkubwa umweleze kwa heshima kwamba kijana wake atahudumiwa vizuri zaidi na mtu asiye ndugu, maana kibali kilichosainiwa na ndugu ndicho cha kwanza kupingwa jirani akileta mgogoro. Kumfundisha nyumbani nyaraka zinazotakiwa si kosa. Orodha hiyo ni ya umma.

Fedha ya simu irudishe kwa namba ileile, hifadhi ujumbe wa kupokea na wa kurudisha, na umwarifu mkuu wako kwa maandishi siku hiyo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 15, inamgusa anayetoa na anayepokea, na kiasi kidogo si utetezi. Namba ya TAKUKURU ni 113, haina malipo. Mwombaji akidai alielekezwa na kishoka wa nje, andika na hilo. Vishoka huuza jina la afisa ambaye hata hawamjui.

Mshahara unatosha? Semeni ukweli.
*Msomaji, Singida*

Mwenye stashahada kwa kawaida huanza ngazi ya mshahara ya TGS C, mwenye shahada TGS D, mhandisi TGS E. Kima cha chini cha serikali kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025.

Tazama makato kabla ya kukopa. Kwa mshahara wa 1,000,000: PSSSF (mfuko wa pensheni) asilimia 5 ni 50,000, bima ya afya asilimia 3 ni 30,000, mkopo wa elimu ya juu asilimia 15 ni 150,000. Kodi, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, inakokotolewa kwenye 950,000 na inakuwa 115,500. Unabaki na 654,500, na chama cha wafanyakazi bado hakijachukua chake. Miezi 12 ya kwanza ni ya majaribio, hivyo kopa polepole. Kupanda daraja kunategemea bajeti ya ikama na rekodi yako kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, ambako kazi isiyoingizwa haihesabiki. Ingiza idadi ya mafaili uliyomaliza kila wiki, usisubiri mwisho wa robo.

Anayeingia akitegemea "mengineyo" ya dirishani, tunamshauri atafute kazi nyingine.

Huku Mombasa kazi hii inaombwa wapi, na ni kweli faili likikaa sana linajipitisha lenyewe?
*Msomaji, Likoni*

Kazi za kaunti hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti yenyewe, chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Andaa mapema stakabadhi za Sura ya Sita ya Katiba, inayohusu maadili: cheti cha tabia njema cha DCI (upelelezi), cha KRA (kodi), HELB (mikopo ya elimu ya juu), EACC (maadili na kupambana na rushwa) na cha shirika la kumbukumbu za mikopo. Cha HELB ndicho hukwamisha wenye deni.

Na ndiyo, ni kweli. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kifungu cha 58, inampa mwombaji wa ruhusa ya ujenzi haki ya kuihesabu imetolewa asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60. Kwa afisa, maana yake ni kwamba faili lililolala linaamua bila yeye. Weka rejesta yenye tarehe ya kupokelewa na tarehe ya siku ya 45, ambayo ndiyo siku ya kulitafuta faili popote lilipo. Ukikataa, Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa aliyeathirika haki ya sababu kwa maandishi.

Kujitolea halmashauri kunasaidia kupata ajira?
*Wasomaji kadhaa*

Hakukupi nafasi kwenye usaili, unashindana kama wengine. Kunakupa majibu bora ya vitendo, kama umekaa na mafaili badala ya kutumwa chai. Kabla ya kuanza, dai barua ya kupokelewa. Ukimaliza, omba barua yenye tarehe mbili, kazi ulizofanya na jina la aliyekusimamia, isainiwe na Mkurugenzi au kwa niaba yake. Inayosema tu "alikuwa mwaminifu na mchapakazi" irudishe waandike upya.